Unyenyekevu Uanzie Juu

Bukoba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Baba yako alinipigia simu juzi usiku, furaha imemjaa hadi maneno yanagongana, akaniambia umeteuliwa kuwa mganga mfawidhi wa hospitali yenu, na kwamba usharika nao umekuchagua kuwa mzee wa kanisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kulikoni. Hongera sana. Umesoma kwa taabu, umekubali vituo ambavyo wenzako walivikwepa, na hakuna mwenye haki ya kusema cheo hiki umekiokota njiani.

Baba yako ameniambia pia kwamba kila aliyekupa hongera amekuusia jambo moja: unyenyekee. Mchungaji kasema, wajomba zako wamesema, hata mwenye duka la dawa mkabala na geti kasema. Nami nakuandikia juu ya hilohilo, kwa sababu maisha yangu ya kazi nimeyamaliza kwenye wodi ya wazazi, na kanisani nimekuwamo tangu nikiwa mgongoni mwa bibi yako, na kote kuwili nimeliona neno hilo likijenga watu na nimeliona likiwaponda. Nina jambo moja tu la kukuambia. Katika mafundisho ya Kristo, anayedaiwa unyenyekevu kwanza ni aliye juu. Sisi tumezoea kumdai aliye chini. Tunamwambia mhudumu anyenyekee kwa daktari, dada wa kazi anyenyekee kwa mama mwenye nyumba, muumini anyenyekee kwa mzee wa kanisa. Mkubwa akiwa mpole kidogo tunamsifu kana kwamba ametoa sadaka ambayo hakudaiwa. Hapo tumeyapindua mambo.

Usomapo habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi miguu, usikimbilie beseni na kitambaa. Anzia mstari wa 3 wa Yohana 13. Mwinjili anataka tujue kwanza kwamba Yesu alikuwa na hakika kabisa juu ya ukubwa wake: alijua mamlaka aliyopewa na Baba, alikotoka na anakorudi. Baada ya hapo ndipo akaondoka mezani na kujifunga kitambaa. Hakuosha miguu kwa kujiona si kitu. Aliosha akijua yeye ni nani. Kazi ile ilikuwa ya mtumishi wa mwisho nyumbani, na usiku ule hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyeigusa. Luka anatuambia kwamba kwenye karamu hiyohiyo walikuwa wakibishana nani kati yao ni mkubwa. Paulo naye, katika Wafilipi sura ya 2, anajenga hoja yake yote juu ya jambo hili: aliyekuwa juu kuliko wote ndiye aliyeshuka. Aliye chini utamwambia ashuke hadi wapi?

Nikusimulie nililoliona kwa macho yangu. Hospitali siitaji, na mtu simtaji. Ilikuwa zamu ya usiku, vitanda vimejaa, wazazi wengine wako kwenye magodoro sakafuni. Mama mmoja alijifungua kama saa nane za usiku, kondo la nyuma likatoka lenyewe, na daktari kijana aliyekuwa zamu akaandika kwenye faili kwamba hali ni nzuri. Mhudumu wetu, mama mtu mzima aliyeishia darasa la saba, akapita kubadilisha mashuka. Akaikuta khanga ya yule mzazi imelowa damu. Akambadilishia. Alipopita tena na ndoo yake, khanga ya pili nayo imelowa, na mzazi anapiga miayo, midomo imepauka, mikono ya baridi. Mhudumu akamfuata daktari mezani kwake. "Dokta, yule mama wa kitanda cha dirishani, damu haikatiki." Daktari hakuinua hata uso. "Wewe udaktari umesomea wapi? Kazi yako ni deki."

Yule mama akanyamaza, akaja chumba cha pili nilipokuwa na mzazi mwingine, akanishika mkono bila neno, akanivuta. Nikamwachia mwenzangu nikamfuata. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea kabisa. Tukakanda tumbo, tukachoma oksitosini, tukafungua dripu mikono yote miwili, ndugu wakaamshwa barazani watoe damu. Kulipopambazuka yule mzazi alikuwa hai, mtoto yuko titini.

Asubuhi, tukikabidhiana zamu, muuguzi mfawidhi akamsifu mhudumu mbele yetu: ni mnyenyekevu sana, kajibiwa vibaya na hakurudisha neno. Wote wakaitikia. Mimi sikuitikia, na mpaka leo siitikii. Alichokuwa nacho mama yule usiku ule ni ujasiri, na jicho la kazi, na upendo kwa mwanamke asiyemjua. Unyenyekevu ndio uliokosekana, na ulikosekana kwenye meza ya daktari. Yeye ndiye aliyetakiwa ainuke, avuke chumba, afunue shuka na kutazama. Tukimsifu mhudumu kwa kumeza tusi, tunamfundisha daktari kwamba tusi lile lilikuwa halali yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kiburi ni nini, sitakuonyesha suti wala gari. Nimewajua watu wenye magari makubwa ambao mtoto mdogo angeweza kuwaambia wamekosea, na nimemjua mtu wa baiskeli ambaye hakuna aliyethubutu. Kiburi ni kuwa mtu asiyeambilika. Ndiyo maana naipenda sana sura ya 5 ya Wafalme wa Pili, na ningetamani kila daktari Mkristo aisome mara kwa mara. Naamani ni jemadari mkuu wa Shamu, ana nishani na ana ukoma. Anayejua pa kumpeleka ni msichana mateka anayemtumikia mkewe, mtoto ambaye Biblia haikutuachia hata jina lake. Naamani anafunga safari na zawadi zake, anafika mlangoni kwa Elisha, na nabii hatoki nje. Anatuma mtu tu kumwambia akaoge mara saba katika Yordani. Jemadari anakasirika, anageuza magari. Alikuwa ameshajipangia namna ya kupona inayolingana na cheo chake. Wanaomrudisha ni watumishi wake, kwa maneno ya upole na akili, na anaponea kwenye maji aliyoyadharau.

Wahubiri wengi humpiga Naamani kwa kiburi chake, na kweli alikuwa nacho. Mimi huona na jambo la pili. Nyumbani kwa mtu yule mateka aliweza kufungua mdomo. Njiani, hasira ikiwa imempanda, watumishi waliweza kumkaribia na kumwambia afikiri upya. Masikio yake yalikuwa bado hayajaziba, na ndiyo yaliyomponya kabla ya Yordani.

Taaluma yenu ina ushuhuda wake mchungu katika hili. Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Katika ile ya madaktari walikuwa wakifa karibu akina mama 10 kwa kila 100, wengi kwa homa ya uzazi. Katika ile ya wakunga hawakufika 4. Wanawake wa mjini walilijua jambo hilo kabla maprofesa hawajalikubali. Ignaz Semmelweis, daktari kijana mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi pale, ameandika kwamba walipiga magoti kuomba wasipelekwe kliniki ya kwanza. Mwaka 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alichanjwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa kwa dalili zilezile za wale akina mama. Hapo Semmelweis akaunganisha mambo: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Akaagiza kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwaka uliofuata vifo katika kliniki ile vilishuka hadi kama 1 kwa kila 100.

Ungetegemea wamshangilie. Wengi walimkataa. Ni haki kusema hakuwa na maelezo kamili, maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijasimama. Lakini palikuwa na jambo zito zaidi ya ubishi wa kitaalamu: aliyekubali kunawa alikuwa anakubali kwamba mikono yake imeua. Marekani nako, ambako Oliver Wendell Holmes alishaonya mwaka 1843 kwamba madaktari ndio wanaoibeba homa ile kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine, profesa mmoja wa uzazi wa Philadelphia, Charles Meigs, alishikilia kwamba madaktari ni waungwana, na mikono ya waungwana ni safi. Fikiri, mwanangu. Bwana alichukua beseni akaosha miguu ya wengine. Hawa waliombwa wanawe mikono yao wenyewe, wakaona wamevunjiwa heshima. Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, na wanawake waliendelea kuzikwa.

Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi, akakiita Tujisahihishe. Humo anawaonya viongozi wenzake wa TANU kwamba ukweli haumbagui mkubwa wala mdogo, na kwamba anayeupuuza ataona kisasi chake. Katika ofisi kisasi hicho humfikia mkubwa mwenyewe, hata kama kitachelewa. Hospitalini humfikia mgonjwa, tena usiku uleule.

Na wewe umepewa njia ya kulikinga hilo, tena njia ambayo nchi yetu ilishiriki kuijaribu. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, kule hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Unajua yaliyomo kuliko mimi. Kuhesabu pamba na vyombo, kuhakikisha ni mgonjwa huyu na ni upande huu, dawa za kuzuia maambukizi zimetolewa au bado. Kilichonigusa mimi ni kipengele kimoja kidogo: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari bingwa ataje, mtu wa usingizi ataje, na binti aliyemaliza chuo cha uuguzi majuzi, anayeshika vyombo kwa mikono inayotetemeka, naye ataje. Aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja hupata nguvu ya kuitumia mara ya pili, atakapoona pamba moja haionekani.

Nasikia wapo madaktari wanaoijaza orodha ile baada ya upasuaji kwisha, wakiwa wanakunywa chai, alama zote kwa mkupuo. Umeshakuwa mkubwa wao. Hilo likomeshe wiki ya kwanza.

Bibi yako alikuwa mlokole, hilo unalijua, ila sidhani uliwahi kusimuliwa kwamba uamsho ule wa walokole ulipata moto wake hospitalini. Joe Church, daktari Mwingereza, alifika Gahini, Rwanda, mwaka 1928, akakuta njaa kali, akafanya kazi hadi nguvu zikamwisha. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, akakutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe, wakakaa pamoja na Biblia na maombi. Gahini kwenyewe daktari na wafanyakazi wake hawakuwa wakielewana. Msaidizi wake mkuu, Yosiya Kinuka, alikuwa na manung'uniko mengi. Akaenda Kampala kwa Nsibambi, na Nsibambi akamwelekeza aanze na dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka akarudi kazini mtu mwingine. Ingeishia hapo ningesema ni yaleyale, mdogo kaambiwa ajishushe. Haikuishia hapo. Wamisionari nao walianza kuungama mbele ya Waafrika, na kiburi cha rangi kikatajwa kwa jina lake, katika siku za ukoloni. Kutoka Gahini jambo hilo lilienea Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 likafika huku kwetu ng'ambo ya Kagera.

Bibi alisimulia jinsi walivyokaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mwalimu wa shule, mchuuzi wa ndizi na mke wa mtu wa serikali, bila kiti cha mkubwa. Yeyote aliweza kumwambia mwenzake: ndugu, katika jambo lile ulinikosea. Hilo waliliita kutembea nuruni. Kwa miaka kadhaa, alisema, hapakuwa na mtu pale asiyeambilika. Baadaye mambo yakaharibika. Wakatokea waliotubu kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha wakageuka mahakimu wa wenzao, wakampima mtu wokovu kwa nywele zake na nguo zake. Kiburi kilikuwa kimepata njia ya kuingia kupitia toba yenyewe.

Hapo nakuja kwenye kiti chako cha pili, cha uzee wa kanisa, ambacho nakiogopea kuliko cha hospitali. Hospitalini ukikosea kuna takwimu, kuna kikao cha vifo vya wazazi, kuna mganga mkuu wa wilaya. Kanisani ukiwa na kiburi watu watakuita mtu wa maombi. Yule Farisayo wa Luka 18 hakuwa mwongo. Alifunga kweli, alitoa zaka kweli, na sala yake aliianza kwa kushukuru. Ila alikuwa amesimama mbele za Mungu huku jicho lake liko kwa mtoza ushuru, akitafuta wa kujipimia.

Utakaa kwenye baraza la wazee, na mapema au baadaye italetwa kesi ya binti mwenye mimba. Unajua utaratibu ulivyo katika sharika nyingi. Atatengwa na Meza ya Bwana, kisha siku ya kurudi kundini ataitwa mbele, asimame usharika mzima ukimtazama, na watu watasema ni vizuri, ni kumfundisha unyenyekevu. Mwanamume aliyempa mimba labda anaimba besi kwaya kuu, au ni mtoto wa mmoja wenu mliokaa mezani. Siombi mwache kuonya dhambi. Kanisa lisiloonya halimpendi mtu. Naomba wewe, kabla hujainua mkono kupiga kura, uulize kwa sauti: baba wa mtoto yuko wapi, na kwa nini hajaitwa? Na uulize pia, ni lini mara ya mwisho mzee wa kanisa alisimama mbele pale pale akaomba radhi kwa fedha za ujenzi zisizo na risiti? Wakikukasirikia, wakikuambia kijana huna unyenyekevu kwa wazee, vumilia, na swali usiliondoe mezani. Musa, ambaye kitabu cha Hesabu kinamtaja kuwa mpole kupita watu wote duniani, ndiye aliyesimama mbele ya Farao na hakurudi nyuma.

Kuna unyenyekevu mwingine wa uongo ambao watu wa kanisani tunaupenda mno. Mtu anachaguliwa, anakataa, anabembelezwa, anakataa tena, anapiga magoti, anasema yeye ni mavumbi na asiyefaa, na moyoni anahesabu wanaombembeleza. Luther, katika maelezo yake ya mwaka 1521 juu ya wimbo wa Mariamu, alisisitiza kwamba mnyenyekevu wa kweli hajui kuwa yeye ni mnyenyekevu; akishajitazama na kuufurahia, umeharibika. Nakubaliana naye. Kwa hiyo usijitazame. Ukijua kupasua, sema unajua kupasua. Mama aliyekwamiwa na mtoto usiku wa manane hahitaji daktari anayesema mimi si kitu, anahitaji anayesema naweza, tuingie thieta. Na usichokijua sema hujui, mpe rufaa mapema, usimzuie mgonjwa kwa sababu unaona aibu kupiga simu kwa bingwa wa mkoa. Kusema naweza na kusema siwezi, vyote viwili viwe kweli tu.

Tena kubali kuhudumiwa. Petro alikataa kuoshwa miguu, na Bwana hakumsifu kwa hilo. Nimewaona madaktari wengi wakijitibu wenyewe kwa vidonge vya mfukoni hadi mambo yakaharibika, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia kukaa kwenye benchi na wagonjwa na kuulizwa maswali na kijana waliyemfundisha wenyewe. Presha ya baba yako iko kwenye ukoo. Pima, na mpimaji asiwe wewe.

Mambo madogo ni mengi na mengine utayaona mwenyewe. Moja silipiti. Pale hospitalini kuna wazee: mlinzi wa geti, yule baba wa bustani, akina mama wa usafi na wa jikoni. Utakuta wanakupa shikamoo kwa sababu una koti jeupe na funguo za ofisi. Mtu mwenye umri wa mama yako anainama kidogo na ufagio wake anasema, shikamoo mganga mfawidhi. Nimesikia vijana wakiitikia marahaba bila hata kugeuza shingo, na niliona haya kwa niaba ya mama zao. Wewe wawahi. Wape shikamoo kabla hawajafungua mdomo, na uwajue kwa majina, mama fulani, baba fulani, kama ambavyo ungefanya ukiwakuta sokoni kwenu. Hakuna aliyewahi kupungukiwa na madaraka kwa kutoa shikamoo kwa anayestahili. Vilevile dada wa kazi nyumbani kwako ale mezani pamoja nanyi, na watoto wako wasimtume maji ya kunywa huku jagi liko mbele yao. Watoto hujifunza ukubwa nyumbani kabla ya kuujua kazini.

Kuhusu meza kuu kwenye harusi na kiti cha mbele kanisani, Luka 14 imeshasema yote, na wewe ulilelewa vizuri. Sina wasiwasi na hayo.

Ninalokuomba hasa ni hili. Jumatatu utakapokaa na wafanyakazi wote kwa mara ya kwanza, usiwahubirie unyenyekevu. Waambie kwamba yeyote pale, hadi mwenye ufagio, akiona mgonjwa anaharibikiwa na aliye zamu hasikii, ana ruhusa yako kukupigia simu saa yoyote ya usiku, na namba yako ibandikwe wodi ya wazazi, mapokezi na jikoni. Kisha ngoja. Wa kwanza kukuamsha huenda akawa amekosea: utatoka kitandani saa tisa, utafika, utamkuta mgonjwa amelala salama na hana tatizo. Madaktari wenzako watacheka. Usiku huo ndio utakaokujibu kama wewe unaambilika. Mshukuru mtu huyo, na asubuhi mshukuru tena mbele ya wote kwenye ripoti, kwa jina lake. Ukimkaripia huyo, wa pili hatapiga simu, hata kama khanga ya pili imelowa.

Nisalimie mkeo na wajukuu zangu. Baba yako anasema siku ya kuingizwa kazini wazee wa kanisa nitakuwa nimeandaliwa kiti mbele. Niwekeeni karibu na mlango, magoti yananisumbua.

Ni mimi shangazi yako, ninayekuombea kila siku.